Mtu Anapotamani Kufa: Ni Nguvu Gani Humshika?

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 30, Mwenyezi Mungu amewakataza waaminio wasijiue. Katazo hili linajulikana na Waislamu karibu wote, na mtu aliyeingia Islam juzi tu hufundishwa mapema. Lakini ni wachache wanaoangalia jinsi aya ile inavyomalizika. Mara tu baada ya katazo, Mwenyezi Mungu anawaeleza waja Wake ya kwamba Yeye huwarehemu. Adhabu imetajwa katika aya inayofuata, nayo imefungamanishwa na uadui na dhuluma. Ama sababu ya katazo lenyewe ni rehema. Mama anayemvuta mwanawe kutoka kwenye ukingo wa kisima hamvuti kwa chuki, ijapokuwa huenda akamvuta kwa nguvu hata mkono ukauma.

Tumeanzia hapo makusudi, kwa sababu mafundisho juu ya jambo hili mara nyingi huishia kwenye katazo peke yake. Mtu aliyejiwa na fikra za kujiua huambiwa ni haramu, kisha huachwa. Yeye amekwisha jua ya kuwa ni haramu. Asichokijua ni namna ya kufika asubuhi. Basi hilo ndilo somo letu: ni nguvu gani, ndani ya mtu na kandokando yake, zinazomshika asiangamie, na je, mtu huzaliwa nazo, au zaweza kufundishwa?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani, na kwa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusidanganyike na ule usemi wa kwamba haya ni maradhi ya Ulaya.

Tuchukue Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao yake makuu mjini Bariadi. Kutoka Dutwa hata Lagangabilili na Mwanhuzi, maisha ya watu wengi yamefungwa na pamba na ng'ombe. Mkulima hupanda mvua zikianza, mara nyingi kwa mbegu na dawa za mkopo, kisha hungoja miezi mingi asijue kama mvua itaendelea wala kama bei itasimama. Mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi kadhaa bila kulipwa pamba waliyokwisha kuipeleka mizanini. Katika mwaka wa namna hiyo ada ya shule hungoja, mwenye duka hungoja, mke hungoja, na baba wa nyumba hulala macho wazi.

Hata hivyo haifai kusema ya kwamba deni ndilo linaloua. Majirani wawili huweza kuwa na deni moja na ukame mmoja, mmoja akavunjika na mwingine akainama tu kisha akainuka. Wachunguzi wa mambo haya wanakubaliana ya kwamba kujiua hakuna sababu moja: ugonjwa wa huzuni nzito uitwao sonona, ulevi, maumivu ya muda mrefu, aibu, ugomvi wa nyumbani na upweke hukutana mahali pamoja. Tofauti ya majirani wale wawili ndiyo tunayoitafuta.

MAKOSA MAWILI YA KUONDOA KWANZA

Kosa la kwanza ni kudhani ya kwamba fikra za kujiua zimetumwa na mchawi. Katika Usukumani dhana hii si mzaha. Kwa miaka mingi, katika Shinyanga ya zamani na Mwanza, bibi vizee waliuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na mara nyingine ushahidi wote ulikuwa ni macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na moshi wa kupikia kwa miaka hamsini. Familia inayotafuta mchawi wa huzuni ya kijana wao humwacha kijana pale pale alipo, na yaweza kumwongeza maiti wa pili asiye na kosa.

Kosa la pili limo ndani ya misikiti na makanisa yetu wenyewe. Ni kusema ya kwamba mtu mwenye imani hawezi kutamani kufa. Msemaji wa maneno haya hakusoma vitabu vyake vizuri.

MANABII WALIOCHOKA

Katika Taurati, kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, Nabii Musa a.s. alielemewa na manung'uniko ya watu wake hata akamwomba Mungu amwue kuliko kumwacha katika mzigo ule. Mungu hakumkemea. Alimwamuru akusanye wazee sabini ili wauchukue mzigo pamoja naye.

Nabii Eliya, ambaye sisi Waislamu tunamwita Ilyas a.s., alimkimbia malkia aliyeapa kumwua. Habari imo katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Alikwenda nyikani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe, akalala usingizi. Malaika akamwamsha ale. Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Baada ya hayo ndipo akaweza kwenda safari ya siku arobaini, na mwishoni mwa safari ndipo alipoulizwa ana shida gani. Akajibu ya kwamba amebaki peke yake. Akaarifiwa ya kwamba wako elfu saba kama yeye, na akapewa Elisha awe mwenzake.

Na katika Kurani Tukufu, Sura Maryam, aya ya 24, Bibi Maryamu, mwanamke aliyesifiwa kwa usafi na imani, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa peke yake chini ya mtende alisema laiti angalikufa kabla ya hapo akawa amesahauliwa kabisa. Jibu alilopata ni kuambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na kutuliza jicho lake.

Wasomaji wetu na wauangalie mpango huu, kwa maana umo katika habari zote tatu. Hakuna aliyehubiriwa kwanza. Chakula, maji, usingizi, mwenzi wa kuchukua mzigo: hivyo ndivyo vilivyotangulia. Na wote watatu walifanya jambo moja ambalo watu wengi wa kwetu hawalifanyi. Walisema.

NGUVU YA KUSEMA

Sisi tumelelewa tukiambiwa ya kwamba mwanamume halii. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ishirini hukaa mbele ya wageni akazungumza habari za mvua. Watu humsifu kwa ushupavu wake. Lakini ushupavu huu ni kama chungu kilichofunikwa juu ya moto. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nabii Yakubu a.s. alilia kwa ajili ya Yusufu hata macho yake yakawa meupe, nayo Kurani Tukufu imeliandika jambo hilo bila kulionea haya. Aliwaambia wanawe wazi ya kwamba yeye humshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na katika pumzi ile ile akawatuma wakatafute, wasikate tamaa ya rehema ya Mungu (Sura Yusuf, aya 87 na 88). Machozi na matumaini yalikaa katika moyo mmoja. Na Mtume Muhammad s.a.w. alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahimu, alitokwa na machozi mbele ya masahaba. Mmoja wao alipostaajabu, Mtume s.a.w. alimweleza ya kwamba machozi yale ni huruma.

Kusema huku ni kazi inayohitaji kujifunza, na hujifunzwa katika siku nyepesi kabla ya siku nzito. Mtu asiyepata kumwambia rafiki yake, "Mwaka huu nimeogopa," hataweza kumwambia usiku ule, "Nataka kufa." Na azoee kusema kwa maneno ya kweli. Kusema "nimechoka tu" huku moyoni una maana nyingine ni kumficha mwenzio mlango.

Mtume s.a.w. alifundisha ya kwamba mtu asitamani kifo kwa sababu ya dhiki iliyompata. Na akiwa hana budi kusema, basi aombe ya kwamba Mungu amweke hai maadamu uhai ni bora kwake, na amfishe wakati kufa kutakapokuwa bora kwake. Angalia upole uliomo. Amemwachia mwenye dhiki nafasi ya kutaja kifo katika sala yake, ila uamuzi umeondolewa mkononi mwake na kuwekwa kwa Mwenyezi Mungu.

YALIYOONEKANA NA WACHUNGUZI

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi uliogeuza swali la zamani. Badala ya kuuliza kwa nini watu hujiua, waliuliza: watu waliofikiri kujiua wasijiue, walizuiwa na nini? Majibu waliyapanga katika mafungu sita: imani ya kwamba mtu aweza kuivuka dhiki na kuishi, wajibu kwa jamaa, kuwafikiria watoto, kuogopa kitendo chenyewe, kuogopa watu watasema nini, na katazo la dini au maadili. Yaliyotofautisha watu zaidi yalikuwa matatu ya mwanzo. Miaka mingi baadaye, katika mwaka 2011, bibi huyu alisimulia hadharani ya kwamba yeye mwenyewe katika ujana wake alilazwa hospitalini kwa maradhi haya haya. Hivyo swali lake halikutoka vitabuni peke yake.

Wako ndugu watakaoona uchungu ya kwamba katazo la dini limo katika fungu moja tu kati ya sita. Sisi hatuoni neno. Ukuta ni kitu kizuri, lakini nyumba haikaliki kwa kuwa na ukuta mmoja. Na dini ikifundishwa vizuri huingia katika mafungu mengine pia: ndiyo inayomfundisha mtu ya kwamba dhiki huvukwa, na ndiyo inayomfunga na jamaa zake. Katika Sura ya 94 ahadi ya kwamba pamoja na uzito kuna wepesi imetajwa mara mbili mfululizo, kana kwamba Mwenye kuahidi alijua ya kuwa mwenye dhiki hasikii mara ya kwanza.

JAMBO LIWAHUSULO WALIOINGIA DINI UKUBWANI

Hapa ni lazima tukae kidogo, maana ni hatari inayowahusu hasa wasomaji wetu.

Msukuma huzaliwa ndani ya kamba nyingi. Ana ukoo, ana vikundi vya kulima pamoja viitwavyo elika, na wengi wana ngoma zao, Bagalu kwa Bagika. Kijana anapoingia Islam huacha baadhi ya mambo hayo: matambiko, dawa za ngoma, pombe. Ni haki yake kuyaacha. Lakini wako waliokata kamba zote kwa kisu kimoja. Hawaendi tena kulima na wenzao, hawaendi msibani, hawamsalimu mjomba kwa kuwa mjomba hutambika. Mwaka wa kwanza hali ni njema kwa sababu ya furaha ya imani. Mwaka wa tatu mvua inakatika, mtoto anaugua, na msikiti una watu tisa wanaokaa mbali mbali. Ndipo mtu yule anapokuta ya kwamba hana mtu wa kumwita usiku.

Hayo siyo mafundisho ya Islam. Katika Sura Luqman, aya ya 16, hata wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, mtoto hakuruhusiwa kuwatupa; asiwatii katika shirki, lakini akae nao kwa wema. Bibi Asmaa, binti wa Abubakar r.a., alipotembelewa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, alimwuliza Mtume s.a.w. kama aunge udugu naye, akajibiwa aunge. Basi mwenye kuacha pombe asiache palizi. Mwenye kuacha tambiko achimbe kaburi pamoja na wenzake, abebe mgonjwa kwenye baiskeli, apeleke unga kwa shangazi. Na wakubwa wa msikiti, kwa upande wao, wajue ya kwamba aliyeingia ameacha kitu, na kitu hicho lazima kirudishwe kwa njia nyingine. Sala ya jamaa ina faida hii pia: mtu asipoonekana Alfajiri mbili mfululizo, yuko wa kuuliza. Ikiwa haulizi mtu, faida hiyo imepotea.

Kuhitajiwa kunamshika mtu kuliko kupewa pole. Mwenye ng'ombe wa kukamuliwa asubuhi, au yatima anayemngojea amfundishe herufi, ana sababu ya kuamka hata siku ambayo moyo hauna sababu.

KUIVUKA SAA ILE

Fikra ya kujiua huja kama wimbi. Kwa watu wengi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na mara nyingi ile hatari kubwa ni ya muda mfupi. Ndiyo maana wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walitengeneza mpango wa maandishi ambao mtu huuandika akiwa ametulia, aufuate wakati akili imefunikwa. Waliuchapisha mwaka 2012, nao hautaki gharama. Mkulima wa Itilima aweza kuuandika nyuma ya daftari la mtoto: dalili zangu ni zipi, kwa mfano kukosa usingizi na kuanza kuwakwepa watu, naweza kufanya nini peke yangu, kama kutawadha na kusali, au kutoka nje kwa mifugo, niende mahali gani penye watu, nimwambie nani kati ya jamaa, niende kwa mganga yupi wa hospitali. Na neno la mwisho la mpango ule ni kuviweka mbali vitu vya hatari. Katika nyumba zetu za pamba hili lina maana ya kwamba dawa za shambani zifungwe, na mwenye dhiki ampe mtu mwingine ufunguo mpaka msimu wa roho yake upite. Hakuna aibu ndani yake. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za mashamba zilizo kali zaidi, idadi ya waliojiua ilipungua sana katika miaka iliyofuata. Watu wale hawakutafuta njia nyingine kama ilivyodhaniwa.

Huzuni inayoendelea wiki kwa wiki, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya chakula, yaweza kuwa ugonjwa, na Mtume s.a.w. ameagiza tutafute dawa. Mtu wa Simiyu aanze katika zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bariadi. Yakizidi, iko Bugando mjini Mwanza. Mtoto mwenye dhiki, au mtu anayemhofia, aweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Kumeza dawa ya sonona hakupunguzi tawakali, kama vile dawa ya malaria haipunguzi.

KWA ALIYEKETI KARIBU

Ukimshuku ndugu yako, mwulize waziwazi: "Je, unafikiri kujiua?" Wengi huogopa ya kwamba swali litaitia fikra hiyo moyoni. Haliitii, mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa kuona amepata wa kumwambia. Kisha sikiliza. Usianze na aya. Mletee chakula, kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke kwa mganga. Aya zitapata nafasi yake, kama Eliya alivyoulizwa baada ya kula.

Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kujaribu kujiua kumewekwa kuwa kosa la jinai. Kwa Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 ya kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Tunalitaja hili kwa sababu hofu ya polisi huwafanya jamaa wamfiche mgonjwa anayehitaji matibabu. Msimfiche. Uhai wake hauwezi kungoja mjadala wa sheria.

Na familia zilizokwisha kufiwa kwa njia hii, ambazo hukaa chini ya macho ya kijiji, zina habari yao katika Hadithi. Tufail bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu mmoja wa kabila lake. Mtu yule aliugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mkono hata akafa. Tufail akamwona katika ndoto ana hali njema, ila mikono yake imefunikwa, akisema ameambiwa ya kwamba hakitatengenezwa alichokiharibu mwenyewe. Tufail akamsimulia Mtume s.a.w., naye akamwomba Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia. Kitendo hakikuhalalishwa, jeraha lilibaki kuwa jeraha. Lakini aliyekufa aliombewa.

Ama aliyejaribu akaokoka, majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitalini ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Atembelewe kama anavyotembelewa mtu aliyetoka kuugua homa kali. Asisimamishwe msikitini kueleza, wala asigeuzwe mfano katika hotuba. Aitwe palizini wakati wa palizi, apewe sehemu anayoiweza. Na ikiwa alikuwa akiadhini kabla ya hayo, aendelee kuadhini.